Kupika msimu wa joto Dar es Salaam: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kaskazi, ule upepo wa msimu wa joto, ikishika, maswali huwa yale yale: tule nini kisichotulemea, na tupike vipi bila kugeuza nyumba tanuri. Nimeyaweka pamoja hapa. Msimamo wangu niuseme mapema. Jiko la pwani lilijua kula kwenye joto muda mrefu kabla ya chipsi mayai: ndimu, chumvi, embe bichi, nazi iliyokunwa, samaki wa chukuchuku, choroko. Kazi inayobaki kwetu ni kuupangia moto wakati wake, maana jijini hapa kinachochosha zaidi ni kusimama jikoni kuliko kula chenyewe.

Joto lenyewe linaanza lini na linaisha lini?

Desemba hadi Machi, Januari na Februari zikiwa ndizo kali. Mchana hufika nyuzi 31 hadi 33, na usiku hazishuki sana chini ya 25. Lakini anayetumaliza ni unyevu wa hewa. Dodoma unaweza kukutana na mchana wa nyuzi hizo hizo ukatembea na shati kavu. Temeke umelowa kabla hujafika kituoni, kwa sababu jasho halina pa kukaukia. Masika ikishuka mambo hupoa kidogo, na upepo wa kusi ukianza kuvuma katikati ya mwaka unaweza kurudi kwenye makande yako kwa amani.

Chakula chepesi maana yake saladi? Mimi saladi hainishibishi.

Hainishibishi hata mimi, ikiwa ni kabichi na nyanya tupu. Chepesi si kidogo. Kinachomlaza mtu saa nane mchana ni mlo mkubwa kwa mkupuo mmoja, wenye mafuta mengi na wanga mwingi, halafu soda juu. Punguza hivyo, usipunguze chakula. Sahani ninayoipendekeza ina kitu cha kushikilia tumbo (choroko, samaki, yai, mtindi, karanga), wanga kiasi (ndizi, kiazi kitamu, muhogo, wali kidogo), na kitu kichachu chenye maji mengi kama kachumbari. Uchachu ndio unaoamsha hamu ya kula ambayo joto limeiua. Ndiyo maana embe bichi lenye chumvi na pilipili huuzwa nje ya kila shule ya msingi jijini. Wale watoto hawajakosea.

Nakaa chumba kimoja Mabibo, jiko liko humo humo. Nikipika jioni hatulali. Nifanyeje?

Hamisha saa. Pika saa kumi na moja alfajiri, kabla jua halijapiga bati. Saa hiyo nyumba ndiyo ya baridi kuliko wakati wowote, na joto la jiko hutoka kabla hujarudi jioni. Ukiwa na presha kuka, maharage yanaiva kwa sehemu ndogo ya muda na gesi ya kawaida. Kama huna, kuna njia ya hotipoti ambayo watu wengi wanaipuuza.

Chukua kikombe kimoja cha choroko, osha, weka vikombe vinne vya maji, chemsha mpaka yatokote kwelikweli kwa dakika 10. Wakati huo suuza kwa maji ya moto chupa ya uji yenye mdomo mpana, au hotipoti inayofunga vizuri. Mimina choroko na maji yake yakiwa yanatokota, funga, ondoka. Baada ya saa mbili hivi zimeiva, na moto umewaka robo saa tu. Kama huna chupa, funika sufuria, izungushie blanketi zito, itumbukize ndani ya kikapu. Inafanya kazi ile ile, ila huchukua muda zaidi. Chakula hicho ukile kikiwa bado cha moto. Kikishakuwa vuguvugu kimeanza kuingia kwenye hatari, na hilo nitalieleza kwenye swali la viporo.

Onyo moja: usifanye hivyo kwa maharage mekundu yaliyotoka kuchemka kidogo tu. Maharage hayo yana sumu ya asili ambayo joto la wastani haliiondoi. Yaloweke usiku, mwaga maji, yachemshe yakitokota nusu saa nzima, ndipo uyahamishie kwenye hotipoti. Choroko hazina mkasa huo, na hata kulowekwa hazihitaji.

Na jiko la mkaa libaki nje. Najua mvua hunyesha, najua jirani huiba sufuria. Hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa haina harufu, na mtu hulala asiamke.

Hizo choroko nikishaziivisha nazifanyaje, mbali na mchuzi?

Hapa ndipo utamu ulipo. Zichuje kabla hazijapasuka sana. Zikiwa bado na moto, nyunyizia chumvi na ndimu, kwa sababu zikiwa moto hunywa ladha na zikipoa hukataa. Kisha changanya kitunguu kilichokatwa vidogo, tango, nyanya ngumu bila mbegu, embe bichi lililokwanguliwa, pilipili mbuzi kiasi cha uthubutu wako, na majani ya giligilani. Juu tupia karanga zilizokaangwa zikatwangwa kidogo. Vikombe viwili vya choroko zilizoiva vinalisha watu watatu, na kama kuna mtu wa nne mwekee yai la kuchemsha.

Mbaazi na kunde zinakubali njia hiyo hiyo. Dengu pia, ila embe ligeuze kuwa karoti na bizari nyembamba iliyokaangwa kavu. Jaribu ukiwa umechoka na ladha moja.

Kachumbari yangu huwa na maji mengi na kitunguu kinachoma. Siri ni nini?

Siri ni mpangilio. Kata kitunguu chembamba sana, kitie kijiko cha chumvi, kifikiche kwa mkono mpaka kilegee, kiache dakika 5, kisuuze kwa maji safi mara mbili na kukikamua. Ukali umekwisha. Nyanya chagua zile ngumu zenye nyama, si zile zilizoiva za mchuzi. Zipasue, toa mbegu na maji yake, kisha kata. Tango likiwa kubwa, toa mbegu pia. Changanya vyote bila chumvi, funika. Ndimu na chumvi vinaingia mezani, watu wakiwa wamekaa. Chumvi huvuta maji kutoka kwenye mboga, kwa hiyo ukiitia saa moja kabla, kufikia wakati wa kula unayo supu.

Watu huniuliza ndimu au limau. Ndimu. Limau ni zuri kwa chai na kwa kuoshea samaki, lakini kwenye kachumbari ya pwani halina ile harufu. Siki ni ya dharura.

Msimu huu embe ndilo mchezaji wa kulipwa zaidi. Kabla halijaiva, likwangue liingie badala ya nusu ya nyanya. Likiwa limeanza kugeuka rangi lakini bado gumu, dodo au bolibo, likate vipande vidogo pamoja na kitunguu, hoho na pilipili. Ukiwa na kachumbari hiyo mbele ya samaki wa kuchoma, hutahitaji kingine. Nanasi nalo linafanya kazi nzuri, parachichi vilevile, ila parachichi likatwe dakika ya mwisho lisije likawa jeusi.

Mboga mbichi za gengeni ni salama?

Kanuni yangu ni rahisi: kinachomenyeka ukile kibichi, cha majani ukipike. Tango, karoti, embe, kitunguu vina ganda. Mchicha na matembele hukaa chini kwenye tope, na bustani nyingi za jijini ziko kwenye mabonde ya mito ambayo maji yake wote tunayajua. Mchicha ukiutia kwenye sufuria yenye kitunguu, dakika 4 zinatosha, na kamulia ndimu badala ya kuupikia tui zito. Ukitaka majani mabichi kama giligilani, yaoshe jani kwa jani kwa maji yaliyochemshwa au yaliyotibiwa dawa. Dar imeshapita kwenye kipindupindu mara nyingi kiasi kwamba hili halihitaji kubembelezana.

Samaki gani anafaa, na nimpike vipi bila mafuta?

Kipindi cha kaskazi bahari huwa imetulia kuliko wakati wa kusi, wavuvi hutoka zaidi, na kwenye soko la samaki la Feri kunakuwa na kuchagua. Nenda mapema, ukifika saa nne umechelewa na jua limeshafanya kazi yake. Angalia jicho: liwe limejaa na linang'aa, si lililodidimia. Fungua shavu, ndani pawe pekundu. Bonyeza nyama, irudi. Harufu iwe ya bahari; harufu ya samaki ukiisikia kwa mbali, pita.

Changu na tasi ni watamu kwa kuchemsha. Vibua ni wa bei ya watu wote na wana ladha kubwa, lakini vibua, jodari na nguru wana tabia ambayo lazima uijue. Wakikaa juani bila barafu, nyama yao hutengeneza histamini, na hiyo haiondoki hata ukikaanga mpaka wakauke. Mtu hula, dakika chache baadaye uso unawaka, kichwa kinagonga, mwili unawasha, anasema "nina aleji na samaki". Mara nyingi hana aleji. Kalishwa samaki aliyekaa juani. Kwa hiyo beba ndoo yenye mfuniko, nunua barafu pale pale, na usipitie kwa shoga kabla ya kufika nyumbani.

Mapishi ninayoyarudia msimu mzima ni chukuchuku. Chukua samaki wa kilo moja, mkate vipande, mpake chumvi na ndimu. Kwenye sufuria weka vikombe viwili vya maji, kitunguu kimoja kilichokatwa pete, nyanya mbili, punje tatu za kitunguu swaumu zilizopondwa, kipande cha tangawizi, pilipili nzima isiyopasuliwa. Yakitokota, punguza moto, ingiza samaki, funika. Dakika 10 hadi 12 inatosha. Nyama ikiachana na mfupa, zima. Kamulia ndimu nyingine sasa, moto ukiwa umezimwa, kwa sababu ndimu iliyochemka sana huwa chungu. Hakuna mafuta hata tone, na mchuzi ule mwembamba ndio hasa mtu aliyetoka jasho anautamani: maji, chumvi, uchachu. Kula na ndizi za kuchemsha au wali kidogo.

Pilipili ile nzima usiipasue. Akija mtu mjuaji akaikoroga kwa mwiko, mchuzi mzima ni wake.

Nimeona video mtu anakamulia ndimu samaki mbichi mpaka anakuwa mweupe, halafu anamla. Si ameiva huyo?

Hajaiva. Asidi inaibadilisha nyama rangi na ugumu, lakini haiui minyoo wala vijidudu vyote. Wanaokula hivyo kwa tahadhari hutumia samaki aliyegandishwa kwanza kwa baridi kali siku kadhaa, si aliyesafiri kwenye bodaboda. Ukipenda ladha hiyo, mchemshe samaki dakika chache, mpoze kwenye barafu, ndipo umtie ndimu, kitunguu na pilipili. Vivyo hivyo kwa kamba na ngisi.

Na pweza?

Pweza ni wa alfajiri, kwa sababu anataka moto mrefu. Mchemshe bila chumvi mpaka uma uingie bila kusukuma, dakika 45 au zaidi kulingana na ukubwa. Mpoze, mkate vipande vyembamba, changanya na kitunguu, nyanya, ndimu na pilipili. Supu yake usimwage; wenye kuiamini wanajua kwa nini wanaiamini, mimi naiona tamu tu.

Mume wangu anasema bila ugali hajala. Nimpe nini?

Mpe ugali, mama. Mtu mzima hanyang'anywi ugali kwa sababu ya Februari. Badilisha kilicho pembeni yake. Huko bara watu wamekula ugali na maziwa mgando vizazi kwa vizazi, na nadhani ni chakula cha joto kilichobuniwa vizuri kuliko vingi: ugali una moto, mtindi una baridi, mdomoni vinakutana. Au mlenda wenye bamia na ndimu, au dagaa wa kukaanga wakavu na kachumbari kubwa. Ugali unapikwa dakika 15. Kinachomchosha mpishi ni ile nyama ya saa mbili iliyo kando.

Siku nyingine mjaribu kwa muhogo wa kuchemsha na chatini ya nazi. Ikune nazi nusu, ongeza pilipili moja, giligilani, ndimu, chumvi, saga vyote na maji kidogo mpaka vishikane. Haipikwi. Itengeneze saa ya kula, kwa sababu nazi mbichi kwenye joto hili haina subira. Muhogo uwe mtamu, umenywe na uchemshwe uive kabisa. Muhogo mchungu hauhusiki hapa.

Mtindi naweza kutengeneza mwenyewe bila friji?

Unaweza, na joto la Dar linakusaidia. Chemsha lita moja ya maziwa, yaache yapoe mpaka kidole kikivumilia humo kwa hesabu ya kumi. Koroga vijiko viwili vya mtindi usiotiwa sukari, funika, viringisha na taulo. Msimu wa baridi husubiri usiku kucha; sasa hivi saa 6 hadi 8 zinatosha, na ukiuacha zaidi unakuwa mkali. Ule siku hiyo hiyo kama huna pa kuupoza. Kwangulia tango ndani yake, tia chumvi, bizari nyembamba na giligilani, umepata kitoweo ambacho familia za Kihindi za Upanga na Kisutu hukiweka mezani karibu na kila wali. Kwa watoto, ponda ndizi mbivu au embe ndani yake na usahau sukari.

Viporo vinaharibika haraka sana siku hizi. Wali wa nazi niliuacha usiku, asubuhi umechacha.

Nazi kwenye joto hukaa muda mfupi kuliko karibu kila kitu jikoni. Chochote chenye tui kipike cha kuisha. Ukijua utabakiza, pika wali mweupe, na nazi iende kwenye mboga ya siku hiyo.

Kwa vyakula vingine, kipimo kinachotumika kimataifa ni hiki: kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili, na hewa ikizidi nyuzi 32, saa moja. Vijidudu huzaana haraka kati ya nyuzi 5 na 60, na mchana wa Januari jikoni kwako uko katikati kabisa. Kwa hiyo chakula kiwe cha moto kweli ndani ya hotipoti, au cha baridi kweli ndani ya friji. Vuguvugu juu ya meza, kimefunikwa na kawa nzuri, ni hadaa.

Wali una la ziada. Kuna kijidudu ambacho mbegu zake huvumilia kuchemshwa. Wali ukikaa nje huamka na kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki kwa kupasha. Ukitaka wali wa kula baridi, utandaze kwenye sinia upoe upesi, uingize kwenye friji ndani ya saa moja, uule kesho yake. Huo, ukiuchanganya na choroko, karoti na embe, ni chakula cha mchana cha heshima.

Umeme ukikatika?

Usifungue friji. Ikibaki imefungwa hushika baridi kama saa 4. Friza iliyojaa hufika saa 48, yenye nusu saa 24, ndiyo sababu wajanja hujaza nafasi tupu kwa chupa za maji. Luku ikiisha usiku wa manane na huna salio, hesabu ndiyo hiyo hiyo. Baada ya hapo nyama, samaki na maziwa visionjwe ili "kuangalia kama vimeharibika". Vinavyodhuru havina ladha kila mara.

Nibebe nini kazini? Natoka Mbagala saa kumi na moja na nusu, nakula saa saba.

Hapo katikati kuna saa saba na nusu za daladala na ofisi, kwa hiyo sahau saladi iliyokwisha kukatwa. Njia mbili zinafanya kazi. Ya kwanza, chupa ya uji yenye choroko au supu ya samaki iliyoingia ikitokota. Chupa nzuri ndiyo ujanja wote, ile inayopoteza moto kufikia saa nne haifai. Ya pili, gandisha chupa ya maji usiku, ilaze kwenye mfuko ubavuni mwa mtindi au choroko za baridi. Kufikia mchana chakula bado kina baridi na maji ya kunywa umeyapata. Vya kachumbari vibebe vizima na kisu kidogo, ukate huko huko. Ndizi, karanga, chungwa na mkate havihitaji ulinzi.

Kama unakula kwa mama ntilie, chagua sufuria inayotoa moshi, omba samaki au maharage badala ya nyama ya kukaanga, wali nusu, mboga za majani mara mbili. Wengi hukubali bila kununa. Kachumbari iliyokaa kwenye beseni tangu asubuhi iache hapo ilipo.

Pilipili na chai ya moto vinapoza mwili, ni kweli?

Vinatoa jasho, na jasho likikauka ndipo mwili hupoa. Kwenye hewa kavu, au ukiwa umekaa barazani upepo unapiga, ni kweli kabisa. Ndani ya chumba kisicho na feni, Februari, jasho linabaki mwilini na wewe umebaki na moto wako. Kwa hiyo chai ya tangawizi inywe nje.

Vinywaji gani zaidi ya soda?

Maji kwanza. Dafu la mwenye baiskeli ni zuri kwa sababu limefungwa na Mungu mwenyewe. Linywe likikatwa mbele yako, usimimine kwenye chupa ukalibebe.

Ukwaju: loweka robo kilo katika lita moja ya maji ya moto, ukipoa fikicha, chuja, ongeza lita moja na nusu ya maji yaliyochemshwa na kupozwa, sukari kiasi, chembe ya chumvi. Watu huogopa chumvi kwenye juisi. Umetoka jasho la chumvi, irudishe. Choya, yale maua mekundu makavu, chemsha dakika 10 na tangawizi, chuja, tia ndimu ikiwa imepoa. Ubuyu usiuchemshe, koroga unga wake kwenye maji ya baridi, unatoa uzito wa maziwa bila maziwa. Juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi ni tamu mno, mimi huigawa na mwenzangu na kuongeza maji.

Huna friji? Mtungi wa udongo ukiwekwa dirishani penye upepo unapoza maji, ingawa kwenye unyevu wa Dar haupozi kama unavyopoza Singida.

Barafu za mtaani na lambalamba?

Kugandisha hakuui vijidudu, kunavilaza. Barafu ni salama kama maji yake yalivyokuwa. Ya kupozea samaki, nunua popote. Ya kuingia kwenye glasi, gandisha mwenyewe maji uliyochemsha. Lambalamba za ukwaju na ubuyu zinatengenezeka nyumbani kwa vikombe vidogo na vijiti, na watoto hawatajua tofauti.

Mtoto hataki kula kabisa joto likizidi. Nimlazimishe?

Usimlazimishe. Mpe kidogo mara nyingi: tikiti maji, mtindi, uji mwepesi uliopoa, kiazi kitamu. Angalia mkojo, ukiwa wa njano nzito, anahitaji maji zaidi. Akiharisha au kutapika, mpe maji ya chumvichumvi kutoka duka la dawa. Yakikosekana, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vyote vya kusawazisha, si vya mlima. Akilegea, macho yakidumbukia, au asipokojoa, mkimbize kituo cha afya bila kusubiri asubuhi.

Ramadhani sasa inaangukia kwenye joto. Futari nzito zinatuua.

Mwaka 2025 ilianza mwanzoni mwa Machi, na kila mwaka inarudi nyuma siku 10 au 11, kwa hiyo kwa miaka kadhaa tutakuwa tunafunga kwenye kaskazi yenyewe. Fungua kwa tende na maji au dafu, kaswali, ndipo urudi mezani. Futari ya nazi si lazima iwe ya mihogo, magimbi, ndizi na maharage vyote usiku mmoja. Chagua kimoja, tui liwe jepesi, kando weka chukuchuku na matunda. Kaanga aina moja tu, sambusa au bajia. Kwenye daku, epuka dagaa wa chumvi na achari. Kiu yake utaijua saa nane mchana. Mtindi, yai na kiazi kitamu hukaa tumboni muda mrefu zaidi.

Wageni wanakuja Jumapili mchana na sitaki kusimama jikoni.

Jumamosi jioni, jua likishazama, chemsha pweza, viazi vitamu na mayai, viingie kwenye friji. Ukwaju utengeneze usiku huo huo. Jumapili asubuhi kata embe na kitunguu, saga chatini, washa jiko la mkaa uani tu kwa ajili ya samaki wa kuchoma, na mpe kazi hiyo shemeji anayejiita fundi. Mezani: samaki, pweza wa ndimu, viazi vitamu vya baridi na chatini, kachumbari ya embe, tikiti maji lililokatwa wakati huo huo. Pilau waambie ni ya Idi.

Embe zikiisha nitumie nini?

Kuelekea Machi huadimika na bei hupanda. Papai bichi lililokwanguliwa na kutiwa ndimu nyingi hushika nafasi ya embe bichi kwenye kachumbari, nanasi hushika ya lile lililoanza kuiva. Nyingine zigandishe sasa zikiwa bado za kumwaga: menya, kata, zitandaze kwenye sinia ndani ya friza mpaka zigande, ndipo uzikusanye kwenye chombo cha kufunga, zisije zikashikana.